Afande na Sauti za Koboko

Shamira mwanangu,

Uko chumba cha pili unapigana na zipu ya begi. Baba yako anakwambia upunguze viatu, wewe unakataa, na mimi nimekaa hapa mezani nakuandikia kama mtu ambaye tayari yuko mbali. Ningeweza kusimama mlangoni nikayasema haya kwa mdomo. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikianza, kinachotoka ni habari ya chandarua na dawa ya malaria. Basi mambo ya chandarua nimemwachia baba yako, anayaweza kuliko mimi, na mimi nikae na haya mengine.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotulea humu ndani. Babu yako alikitoa jeshini akarudi nacho kijijini Midia pamoja na buti na redio. Baba yako ni Mlugbara wa Adumi, mimi Mkakwa wa Koboko, na tulipoanza kuzungumza hatukuwa na lugha nyingine ya kutaniana. Waliozaliwa nacho wanatucheka tunavyokivunja. Wacheke. Ndicho nilichokubembelezea, na leo kwenye karatasi nimejitahidi kukinyoosha kidogo, kama mwalimu wangu wa sekondari alivyokuwa anataka.

Kesho unakwenda Kampala kufanya kazi ileile ninayofanya mimi, ila katika jengo ambalo chumba chetu chote cha seva kingeenea kwenye kona yake moja. Watu kazini wananipongeza. Nawashukuru, halafu nikirudi kwenye kiti changu nakumbuka mashine ya Koboko. Habari hiyo unaijua vipande vipande, kama mtoto anavyojua mambo ya watu wazima, kwa kusikia nyuma ya mlango. Leo nataka uijue yote.

Mengine umeyasoma darasani, kwa hiyo nivumilie nikieleza unachokijua. Chumba chetu umekiona, kule Arua Hill, ndani ya ile nyumba ya zamani ya matofali yenye veranda pana. Seva zimepangwa kwenye makabati ya chuma, feni zinavuma mpaka mkitaka kuongea lazima mtoke nje, na baridi yake inakuvalisha sweta hata jua likiwa kali. Humo zinakaa kazi za vituo vya afya, shule na ofisi za wilaya.

Seva mpya ikifika haina kitu. Haijui jina lake wala kazi yake. Ukiichomeka kwenye mtandao na kuiwasha, inaita: kuna mtu hapa wa kuniambia niwe nini? Na kuna mashine moja ambayo kazi yake ni kujibu. Sisi tuliiita Afande, kwa sababu kila mgeni alipokea amri kwake kama kuruta: jina lako hili, anwani yako hii, diski yako igawe hivi, programu zako ni hizi, haya, simama kwenye mstari.

Lakini Afande hakuwa na akili yake. Majibu yote yalikuwa yameandikwa kabla, kwenye faili la mipangilio, na mwenye faili hilo nilikuwa mimi. Mashine tulizozisajili zilikuwa na majibu yake. Chini kabisa palikuwa na swali moja la mwisho: ikija mashine usiyoijua, ufanye nini? Uiache iwake kwa diski yake yenyewe? Uisimamishe mpaka mtu aje? Au uifute diski yake na kuiwekea mfumo mpya palepale?

Aliyenitangulia alikuwa ameweka isimamishwe. Mashine ngeni ilikuwa inatoa maandishi kwenye skrini na kungoja mtu aje abonyeze.

Kisha likaja lori la seva za vituo vya afya vya eneo letu lote la West Nile. Mimi na mwenzangu Drani tulikuwa tunabeba skrini na kibodi kutoka kabati hadi kabati, kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mkubwa wetu alikuwa anasimama mlangoni akiuliza tutamaliza lini. Nikajisemea, mashine yoyote ngeni inayoingia humu imetoka kwenye boksi, ni tupu, tunauliza nini? Nikaenda kwenye ule mstari wa mwisho nikabadilisha jibu. Futa, sakinisha.

Mwanangu, ilifanya kazi vizuri sana. Tukawa tunachomeka waya, tunawasha, tunakwenda kunywa chai. Tukirudi tunazikuta zimejipanga, safi. Mkubwa alinisifu mbele ya wageni na mimi nikarudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka. Nakwambia hili kwa sababu watu wakisimulia makosa yao husema walikuwa wamechoka, au hawakujua. Mimi sikuwa nimechoka, na nilijua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa na furaha. Lori likaisha, miezi ikapita, ule mstari nikauacha palepale. Nani anarudi kukagua kitu kilichomletea sifa?

Sasa twende Koboko.

Wakati ule watu walikuwa wanavuka mpaka kwa wingi kutoka ng'ambo, Sudan Kusini. Familia zilipotezana njiani, mama akatokea huku, watoto wakatokea kule. Palikuwa na mwanamke mmoja, Mama Jokudu, aliyekuwa na duka la nguo mjini Yei, huko ng'ambo, kabla ya kukimbia. Alifungua kazi yake katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, pale Koboko mjini. Watu walikuja wakakaa mbele ya maikrofoni, wakasema jina lao na wanamtafuta nani. Siku za soko alizicheza zile sauti kwenye spika, na wenzake walizipeleka makambini, misikitini na makanisani. Asiyejua kusoma hawezi kutafuta jina kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, lakini sauti ya ndugu yake ataijua hata katikati ya kelele za soko. Sauti hizo zote zilikuwa kwenye mashine moja waliyopewa msaada.

Siku moja umeme ulikuja kwa nguvu ukaunguza kile kisanduku kinachoingiza umeme ndani ya mashine. Wakaileta kwetu kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa na spea. Nilimwambia Drani aibadilishie, nikatoka kwenda kula. Nilikula enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, kwa maharage, tena nikakaa kwa maongezi, maana siku hiyo hapakuwa na haraka.

Drani alibadilisha kisanduku, akataka kuona kama inawaka. Akaisukuma kwenye kabati lenye nafasi, akachomeka umeme na waya wa mtandao, kama tulivyozoea kuchomeka kila kitu. Ile betri ndogo ya ndani, inayoikumbusha mashine ianzie wapi, ilikuwa imekufa. Mashine ikasahau kuanzia kwenye diski yake. Ikaita kwenye mtandao. Afande akajibu.

Niliporudi, Drani alikuwa anatabasamu.

"Madamu, ile mashine ya Koboko iko sawa. Inawaka vizuri, imejipanga yenyewe."

"Imejipanga namna gani?"

"Kama zile zingine tu. Imeshamaliza."

Nilikwenda kuangalia. Kwenye skrini palikuwa na maandishi ya kijani yakisema usakinishaji umekamilika. Hiyo rangi ya kijani niliichagua mimi.

"Nimeharibu?" Drani akauliza. Alikuwa ameuona uso wangu.

"Si wewe," nikamwambia. "Ni mimi."

Tuliizima, tukaanza kuokota kilichobaki chini ya mfumo mpya. Tulifanya hivyo siku kadhaa. Vilipatikana vipande. Kikohozi. Mvua juu ya mabati. Jogoo. Mwanamke anasema "mimi naitwa", halafu basi. Drani alikuwa anavisikiliza akilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake, na mimi hata machozi yalikataa.

Mkubwa wetu akaniita ofisini. "Rukia, nenda uwaambie diski iliungua pamoja na umeme. Hao watu wameshapata shida ya kutosha. Kuna faida gani kuwaongezea maneno?" Aliisema kwa upole, na kwa kweli alidhani anatusaidia wote. Na mimi nikakubali. Usidhani mama yako alikataa kishujaa. Niliipakia mashine kwenye gari, na njia nzima ya Koboko nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema umeme.

Mama Jokudu alitoka kunipokea, anafuta mikono kwa kitenge. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito. Kabla sijafungua mdomo, aliniangalia akasema:

"Iko habari mbaya. Ni umeme, eh? Umeme ya hapa inakula kila kitu."

Uongo wangu ukaja mkononi mwangu, tena kutoka kwake. Nilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Hata leo sijui vizuri kwa nini sikuitikia. Ningelazimika kuuanza mwenyewe, nadhani ningeusema. Kuupokea kutoka kwake, kwa huruma yake, ndiko kulikonishinda.

"Si umeme, Mama Jokudu. Ni mimi. Nilipanga mashine yetu ifute kila mashine isiyoijua. Yenu haikuijua."

"Imefuta nini?"

"Sauti."

"Zote?"

"Zote. Hamkuwa na nakala mahali pengine?"

"Nakala?" Aliniangalia kama mtu asiyeamini. "Waliotupa msaada walituambia mashine ndiyo nakala."

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akazima spika iliyokuwa inanguruma bure pembeni, akarudi akakaa kwenye benchi. Mimi nilibaki nimesimama.

"Wewe unajua hawa watu iko wapi sasa?" akasema. "Wengine wamerudi ng'ambo. Wengine wamepelekwa kambi ya mbali. Wengine wamekufa. Mutu akikufa, sauti yake ilikuwa imebaki hapa kwangu. Sasa wewe umeua hiyo pia."

"Pole, mama."

"Pole yako nitaweka wapi?" Kisha akasema, "Utakuja. Si kutuma mutu. Wewe. Kila Jumamosi utakaa hapa na maikrofoni, tutaanza tena."

Ndizo hizo Jumamosi, mwanangu. Ulikuwa darasa la sita. Nilikuwa naondoka kabla hujaamka.

Nilidhani nitakwenda kufanya kazi ya mashine. Mama Jokudu hakunipa mashine. Alinipa kiti, watu wakawa wanapita mbele yangu. Wengi walikuwa wameshasema mara ya kwanza. "Nilisema yote. Kwa nini niseme tena?" Na yeye hakunisaidia hata kidogo. Alikuwa ananiachia nimweleze kila mmoja kwamba nilifuta, na kwamba ni mimi. Mzee mmoja alitema mate chini akaondoka. Mwanamke mmoja akanipa pole, mimi! Lakini wengi walikaa tu, wakasogeza maikrofoni, wakaanza upya: mimi ni fulani, natafuta fulani, ana pengo hapa, anapenda kuimba akifua nguo. Hapo ndipo nilipojua nini kilikuwa kwenye ile diski. Mpaka siku hizo, kwangu ilikuwa diski.

Kiden alikuja mwishoni mwa mvua. Wakati ule alikuwa wa umri wako wa sasa, na alifika ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alisema ametoka kambi ya mbali, upande wa chini wa Arua, na kwamba kuna mwanamke alimwambia zamani alisikia jina lake kwenye spika ya soko la Koboko.

"Wanasema baba yangu ananitafuta. Mimi naitwa Kiden. Baba yangu ni Lomoro."

Mama Jokudu alimshika mkono akamkalisha, akamwambia kwanza lile kubwa. Lomoro aliugua na kufa kule Midia, na watu waliompa shamba la kulima ndio waliomzika. Kiden alisikiliza hadi mwisho. Alilia kidogo, kama mtu ambaye moyo wake ulishamwambia. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi nipe sauti yake nisikie."

Mama Jokudu akanitazama mimi.

Nimepitia magumu mengine, Shamira. Nilikuzaa wewe siku ambayo mvua ilikata barabara. Lakini kusogeza kile kiti mbele ya yule msichana, sijawahi kufanya jambo zito kama hilo. Nilimweleza Afande ni nini, mstari ule wa mwisho ni nini, siku ile ilikuwaje. Nilieleza sana, mpaka habari ya betri. Aliningoja nimalize.

"Wewe uliisikiliza?" akauliza.

"Nini?"

"Sauti ya baba. Kabla ya kufuta. Uliisikiliza?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alitikisa kichwa polepole. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya wageni, na mimi nilitamani anipige tu yaishe.

Ndipo Mama Jokudu akavuta benchi lake hadi magoti yake yakagusa ya Kiden. "Mimi nilicheza hiyo sauti kila soko," akasema. "Naijua. Sikiliza." Akakohoa kidogo kusafisha koo. Na alipoanza hakuwa anasimulia. Alikuwa anakwenda pole kama mtu mwenye kifua kibaya, anasimama mahali pasipo pa kusimama, na ile sauti yake nzito ikashuka zaidi.

"Mimi ni Lomoro. Natafuta mtoto yangu, Kiden. Iko na kovu kwa kidole ya mkono kushoto, alijikata na panga akipasua muhogo. Kiden, mimi iko Midia, kwa nyumba karibu na pampu ya maji. Watu ya hapa wazuri, wamenipa shamba. Kiden... ile mbuzi yako ulisema nisichinje, nilichinja. Njaa ilikuwa mingi kwa njia. Usikasirike. Kuja tu."

Kiden alijifunika mdomo, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. "Nilijua!" akasema. "Nilijua atachinja!" Kisha akaangalia kidole chake, na hapo kilio chenyewe kikaja, kile kilichokuwa kimezuiliwa tangu ng'ambo.

"Rudia," akasema baadaye. Mama Jokudu akarudia.

Mimi, mtu wa mashine, nikauliza kama niwashe maikrofoni ili safari hii isipotee.

"Hapana," Kiden akasema, haraka sana. "Usiweke kwa mashine. Acha iko kwa huyu mama."

Ndiye huyu Kiden wetu, Shamira. Huyu anayetuletea simsim na kukaa jikoni na wewe mkicheka mpaka baba yako anauliza kuna nini. Watu wa Midia walimwachia shamba la baba yake na yeye akabaki. Alianza kupitia ofisini kwangu akija Arua, mara ya kwanza alisema anatafuta kivuli tu. Hakuwahi kukusimulia, na mimi sikumwomba anyamaze. Sijawahi kumuuliza kama alinisamehe. Anakuja. Akichelewa analala kwetu. Sijataka kumdai zaidi ya hapo.

Sauti nyingi tulizipata tena. Nyingine hatukuzipata. Mama Jokudu alisharudi Yei kujaribu kufungua duka, na kazi yake ilichukuliwa na watu wengine, wenye nakala mahali pengi.

Sasa kuna jambo lako, ambalo limenichukua muda zaidi kuliona.

Mwaka ule uliingia kwenye kwaya ya shule. Mlishindana siku ya Jumamosi, na ulikuwa umepewa kipande cha kuimba peke yako. Baba yako alikuja, mimi nilikuwa Koboko. Jioni uliniuliza, bado umevaa sare: "Hao watu wa Koboko ni watoto wako?" Nikakujibu kwamba utaelewa ukikua. Baba yako alinitazama tu, akaenda kuchota maji.

Nilidhani Jumamosi zile ni zangu, za kulipia kosa langu. Zilikuwa zako pia, na nilizitoa bila kukuuliza. Kama ningekukalisha nikakwambia kweli, nafikiri ungeniruhusu. Ulikuwa mtoto wa namna hiyo. Ila sikukupa nafasi ya kuruhusu wala kukataa.

Tena sikujifunza haraka. Ulipomaliza kidato cha nne niliamua utasomea uuguzi. Nilishazungumza na mwalimu mkuu, nilishamwambia shangazi yako, nilishaona hata utakavyopendeza na kofia. Ulinisikiliza mpaka mwisho ukaniambia, "Mama, umemaliza? Sasa niulize mimi." Nilikasirika sana siku ile. Nilikwenda uani nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Nilikuwa nimekuandikia majibu yote kabla hujafika kwenye swali, na mtu aliyekuwa amekaa Koboko akiomba msamaha kwa jambo hilohilo ni mimi. Ukachagua mashine. Mpaka leo watu wanadhani nilikusukuma.

Kule kazini, niliporudi kutoka safari ile ya kwanza ya Koboko, niliurudisha ule mstari wa mwisho ulivyokuwa. Mashine ngeni inasimama na kungoja mtu. Mkubwa alinung'unika kwamba tumerudi nyuma, na kwa mwendo ni kweli, tunachelewa. Drani hajawahi kunung'unika. Anachukua skrini na kibodi, anakwenda, anasoma kwanza imeandikwa nini kwenye kabati, ndipo anabonyeza.

Lakini sitakwambia ufanye hivyo. Huko unakokwenda seva ni nyingi kiasi kwamba hakuna mtu anayeweza kutembea hadi kwenye kila moja. Mtaandika majibu mara moja, yatatumika kwa maelfu, na mengi yatatumika mkiwa mmelala. Jibu langu la Arua Hill ni la chumba chenye makabati machache na watu wawili wanaojuana. Huko halitatosha. Nimefikiria kwa muda mrefu ningeweka nini badala yake, na sijui. Inabidi nikubali kwamba hilo utalijua wewe kuliko mimi. Kwa mama, kusema hivyo si rahisi.

Ninachoweza kukuachia ni lile swali la Kiden, uliisikiliza hata mara moja? Mimi naingia nalo ofisini kila asubuhi, na kuna siku jibu bado ni hapana. Kuna siku nakuwa na haraka, nasaini kitu bila kujua kinamgusa nani, nakumbuka nikiwa tayari niko nyumbani. Basi kesho yake nauliza. Ninapiga simu kituo cha afya, namuuliza nesi, hii mashine mnaitumiaje hasa? Wanashangaa kuulizwa. Lakini wanasema, na kila mara kuna kitu nilikuwa sikijui.

Na ukikosea, maana utakosea, kuna mtu mwema atakuja na sababu nzuri isiyo ya kweli, na atakupa kwa mapenzi. Siwezi kukuahidi kwamba kuikataa kutakufanya ujisikie vizuri. Mimi nilijisikia vibaya zaidi, kwa muda mrefu. Nilichopata ni kwamba Kiden akija kwetu naweza kumtazama machoni nikimpa chai.

Zipu imekubali, nasikia. Baba yako anajisifu kama aliyeitengeneza yeye. Viatu vyote vimeingia, kwa hiyo umeshinda.

Kesho nitakusindikiza hadi kwenye basi. Sitasema mengi pale, baba yako atakuwa anagombana na kondakta kuhusu mahali pa kuweka begi, na wewe utakuwa na aibu mbele ya abiria. Mimi nitasimama chini, upande wa dirisha lako. Ukiniona nimegeuka na kuanza kwenda kabla basi halijaondoka, usifikiri nimechoka kusimama. Nitakuwa nimeshindwa kukuona ukienda, basi. Nitazunguka nyuma ya kituo, nijikaze, na likianza kutembea nitakuwa nimesharudi. Angalia tena.

Mama yako,
Rukia